Mtoto, Theluji na Mita Mia za Kwanza

Les Trois Vallées, kwenye milima ya Alps upande wa Ufaransa, hutangaza kilomita 600 za njia za kuteleza kwa skii. Mtoto wa miaka minne anayefika huko kwa mara ya kwanza atatumia kama mita mia moja tu za eneo lote hilo: kiwanja kilichozungushiwa uzio, mteremko mdogo, na mkanda wa mpira unaotembea polepole kumrudisha juu kila anapofika chini. Zilizobaki ni za wakubwa. Hata hivyo bei ya chumba, ya chakula na ya pasi ya lifti hutegemea ukubwa na jina la kituo, na wazazi wengi huchagua kwa kipimo hichohicho.

Kipimo hicho humfaa mtu mzima anayejua kuteleza. Kwa mtoto mdogo hakisemi lolote. Kinachoamua kama atajifunza, na kama atataka kurudi mwaka unaofuata, ni mambo mengine: mwalimu wake ni nani, wako watoto wangapi katika kundi, kiwanja cha kuanzia kiko wapi, buti zinamkaa vipi, na ni umbali gani kutoka kitandani hadi kwenye theluji. Msimamo wangu ni kwamba mzazi achague kwanza mwalimu na kiwanja, kisha mahali pa kulala, na ukubwa wa mlima uje mwisho kabisa.

Jambo hili linawahusu wasomaji wa Kiswahili kuliko wengi wanavyodhani. Zürich, Oslo, Toronto na Minneapolis kuna familia zinazozungumza Kiswahili nyumbani huku watoto wao wakisoma na wenzao ambao wamezoea skii tangu utotoni. Wapo pia wanaoishi Dubai na Muscat, na wapo wanaosafiri Ulaya kuwatembelea ndugu wakati wa baridi. Kwa mzazi aliyekulia Tanga, Bukavu au Kisumu, hakuna bibi wala mjomba wa kumuuliza mambo haya. Mwenyeji wa Tirol, huko Austria, amerithi ujuzi huo bila kujua ameurithi. Mgeni hana budi kuutafuta kwa kuuliza maswali, na hapo ndipo matangazo ya biashara humkuta hana kinga.

Tuanze na ukubwa wa mlima, kwa kuwa ndio unaopotosha zaidi. Buck Hill, nje kidogo ya jiji la Minneapolis, ni kilima tu. Kutoka kileleni hadi chini hakifiki mita 100. Hapo ndipo bingwa wa skii Lindsey Vonn alipojifunza chini ya kocha Erich Sailer, kabla ya kutwaa ubingwa wa jumla wa Kombe la Dunia mara 4 na medali ya dhahabu ya Olimpiki huko Vancouver mwaka 2010. Kilima kifupi humpa mtoto kitu ambacho mlima mrefu hauwezi kumpa, nacho ni marudio. Anashuka, anapanda, anashuka tena, na ndani ya saa moja miguu yake imejaribu jambo lilelile mara nyingi mno. Watoto wa Pwani nao hujifunza kuogelea pale maji yanapofika magotini, na hakuna anayeona kuwa wamepunjwa bahari.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi. Sabrina Simader alizaliwa Kenya mwaka 1998 na kuhamia Austria akiwa na miaka 3. Baba yake wa kambo, Mwaustria, ndiye aliyemwingiza katika mchezo huu. Mwaka 2018, huko PyeongChang, Korea Kusini, akawa mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Kenya katika Olimpiki za majira ya baridi. Alikuwa na bahati ambayo watoto wengi wenye asili yetu hawana: mtu ndani ya nyumba anayeijua theluji. Nyumba isiyo na mtu huyo humtafuta kwa njia ya shule ya skii, na ndiyo maana uchaguzi wa shule unastahili uzito wote tunaoweza kuupa.

Je, aanze akiwa na umri gani? Nchini Ufaransa, shule kubwa ya skii iitwayo École du Ski Français huwapokea watoto tangu miaka 3 katika viwanja vyake vya Piou-Piou. Kupokelewa si sawa na kuwa tayari. Kichwa cha mtoto wa miaka mitatu bado ni kizito kulinganisha na mwili wake, misuli ya mapaja haijakomaa, na uwezo wake wa kusikiliza maelekezo ni mfupi. Wengi hufaidi zaidi wakianza kati ya miaka minne na sita. Samaki mkunje angali mbichi, ndivyo tulivyofundishwa, na ni kweli kwamba mwili mchanga hujifunza kwa wepesi. Lakini methali hiyo inasema kukunja, haikusema kuvunja. Mzazi aangalie mambo manne: mtoto anaweza kuachana naye kwa saa mbili bila kuingiwa na hofu, anaweza kusema akitaka kwenda chooni, anafuata maelekezo mafupi ya mtu mgeni, na hupanda ngazi kwa mguu mmojammoja bila kushikwa. Likikosekana moja kati ya hayo, kusubiri mwaka mmoja hakumpotezei chochote.

Kinachofundishwa siku za kwanza ni kidogo, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Mtoto huzoea kutembea na buti ngumu, kisha huvaa skii mguu mmoja, kisha miguu yote miwili. Hujifunza kuanguka na kuinuka. Halafu huja somo kubwa la kwanza, la kukaribisha ncha za mbele za skii na kutanua visigino ili kupunguza mwendo. Kwa Kiingereza walimu huliita umbo hilo kipande cha pizza, na watoto hulielewa mara moja. Fimbo za mkononi hazihitajiki katika umri huu, kwani humchanganya na huweza kumchoma mwenzake. Mwalimu anayetumia saa nzima kwa michezo ya kukimbizana na kuokota mipira kwenye theluji hajapoteza muda wa mzazi. Usawa wa mwili hujengwa humo.

Kugawa wanaojifunza kwa makundi kulingana na uwezo, na kuwapandisha hatua kwa hatua, ni urithi wa Hannes Schneider, aliyeanzisha shule yake huko St. Anton, Austria, mwanzoni mwa miaka ya 1920. Mfumo huo umeenea duniani, na kwa watoto umepambwa kwa beji na nishani. Uswisi ina ngazi zenye majina ya mwana wa mfalme, mfalme na nyota. Ufaransa ina kifaranga, dubu mdogo na chembe ya theluji. Beji humpa mtoto furaha ya kweli, na sioni ubaya wake. Ubaya huanza pale mzazi anapoigeuza kuwa cheti cha mtihani, akauliza mbele ya mtoto kwa nini wa jirani amepanda ngazi na wake amebaki.

Maswali ya kuiuliza shule kabla ya kulipa ni machache, na majibu yake hutenganisha shule nzuri na nyingine haraka. Kila mwalimu ana watoto wangapi wa umri huu? Sita wanavumilika, kumi na wawili ni umati, na katika umati mtoto hutumia muda mwingi akisimama kwenye foleni huku miguu ikipoa. Je, mwalimu atakuwa huyohuyo wiki nzima, au hubadilishwa kila siku? Mtoto mdogo kwanza humwamini mtu, mchezo hufuata baadaye. Kuna chumba chenye joto cha kupumzikia, na choo kiko umbali gani? Theluji ikianguka sana au upepo ukichacha, watoto hupelekwa wapi? Na mtoto akikataa kabisa siku ya kwanza, fedha hurudishwa, au somo hubadilishwa kuwa la nusu siku?

Nusu siku ndiyo ninayoipendekeza kwa kila anayeanza chini ya miaka sita. Asubuhi ana nguvu, na alasiri anachoka na hali ya theluji hubadilika. Mtoto aliyechoka huanguka zaidi, na aliyeanguka sana huanza kuamini kuwa hawezi. Masomo ya peke yake na mwalimu hugharimu mara kadhaa ya masomo ya kundi, nayo yana faida kwa mtoto mwenye aibu au mwenye mahitaji maalumu. Kwa wengine, saa moja ya peke yake siku ya kwanza, kisha kundi siku zinazofuata, hutosha. Watoto hujifunza mengi kwa kuwatazama wenzao wa kimo chao.

Lugha nayo ipewe nafasi yake. Mtoto anayesoma chekechea Zürich tayari anazungumza Kijerumani, na hana shida. Aliyetoka Dar es Salaam au Mombasa kwa likizo atahitaji mwalimu wa Kiingereza, na vituo vikubwa vya Alps vinao wengi. Shule ndogo za vijijini huenda zisiwe naye kila siku, kwa hiyo aombwe mapema na athibitishwe kwa maandishi. Hata hivyo, mtoto afundishwe nyumbani kusema mambo manne kwa lugha ya mwalimu: nasikia baridi, naumwa hapa, nataka kwenda chooni, nimechoka. Mtoto wetu aliyelelewa kuwaheshimu wakubwa kwa kunyamaza anaweza kuganda vidole bila kusema neno. Aambiwe waziwazi kwamba kumwambia mwalimu unaumia si utovu wa adabu.

Mzazi naye ana wajibu mgumu, nao ni kuondoka. Walimu wengi huomba wazazi wasisimame kwenye uzio, kwa sababu mtoto akimwona mama yake hukumbuka kulia. Pia asijaribu kumfundisha mwenyewe kwa nia ya kuokoa fedha, hasa kama naye anaanza. Mtu mzima asiyeweza kusimama vizuri akimshika mtoto katikati ya mteremko ni hatari kwa wote wawili.

Sasa tuje kwenye kituo chenyewe. Swali la kwanza ni hili: kiwanja cha wanaoanza kiko kijijini au juu mlimani? Huko Zermatt, Uswisi, kijiji kiko kwenye mita 1,600 hivi, lakini kiwanja cha watoto kiko Sunnegga, karibu mita 2,300, na hufikiwa kwa treni ya kupanda mlima ndani ya handaki. Faida yake ni theluji ya uhakika. Hasara yake ni kwamba mtoto akitaka kurudi nyumbani baada ya dakika ishirini, safari ni ndefu. Viwanja vilivyo kijijini humwezesha mzazi kufika kwa miguu, ila vile vya chini sana vinazidi kukosa theluji kadiri majira ya baridi yanavyopata joto, na kituo kinaweza kuwa na theluji tele juu huku kiwanja cha watoto kikiwa tope. Kwa hiyo tusiulize tu kama kituo kina theluji. Tuulize kama kiwanja cha watoto kinayo, na kama kuna mashine za kuitengeneza hapohapo.

Urefu kutoka usawa wa bahari una gharama zake. Joto hushuka kwa takriban nyuzi 6 hadi 7 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanza kwa watu wanaolala juu ya mita 2,500. Vijiji vingi vya Alps viko chini ya hapo, lakini mji wa Breckenridge, katika jimbo la Colorado, Marekani, uko kwenye mita 2,900 hivi. Mtoto aliyetoka pwani akafikishwa huko jioni na kuvalishwa skii asubuhi anaweza kuumwa kichwa na kutapika, na mzazi akadhani ni woga. Ni vyema kulala siku moja au mbili mahali pa chini zaidi kabla ya kupanda.

Jua nalo hudanganya kwa sababu ya baridi. Miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000, na theluji mpya huweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale inayoipiga. Ngozi nyeusi ina kinga zaidi, lakini haina kinga kamili, na macho ya mtoto hayana kinga hiyo kabisa. Miwani ya theluji na mafuta ya kukinga jua ni vya lazima kwa kila mtoto.

Rangi za njia pia zinahitaji uangalifu. Ufaransa ina kijani kwa rahisi kabisa, halafu bluu, nyekundu na nyeusi. Austria na Uswisi kwa kawaida huanzia bluu. Marekani na Kanada hutumia duara la kijani, mraba wa bluu na almasi nyeusi, na huko bluu ni ya mtu mwenye uzoefu wa wastani. Mzazi aliyezoea bluu ya Austria akimpeleka mtoto kwenye bluu ya Colorado anaweza kumfikisha mahali pasipomfaa. Tena rangi hulinganisha njia za kituo kimoja tu. Bluu ya kijiji kimoja si bluu ya kingine.

Kuna vituo vilivyojengwa kwa kumfikiria mtoto, na ni rahisi kuvitambua vikishaonekana. Serfaus, huko Tirol, Austria, magari ya wageni huachwa nje ya kijiji, na tangu mwaka 1985 treni ndogo ya chini ya ardhi, inayotembea juu ya tabaka la hewa, hupeleka watu bure kutoka maegesho hadi kwenye lifti. Mtu anaweza kuona ni anasa, hadi siku atakapotembea kwenye barafu akiwa amebeba skii zake, skii za mtoto, na mtoto mwenyewe anayelia. Wengen na Mürren nchini Uswisi, na Avoriaz nchini Ufaransa, navyo havina magari barabarani. Kwa mtoto mdogo, mwendo wa dakika tano kati ya mlango na kiwanja una thamani kuliko kilomita mia za njia.

Kalenda hubadilisha kituo kilekile kikawa kingine. Shule za Ufaransa hugawanya likizo za Februari na Machi kwa kanda tatu, na Austria nayo hupishanisha wiki za likizo kwa majimbo. Hata hivyo Februari hujaa, makundi hufurika na njia hupitiwa na watu wenye kasi. Januari, baada ya mwaka mpya, ni tulivu na nafuu, ila baridi yake ni kali. Machi siku ni ndefu na jua lina joto, ingawa theluji hulainika mchana na kuwa nzito. Kwa familia isiyobanwa na kalenda ya shule za Ulaya, katikati ya Machi kwenye kiwanja kilicho juu kidogo ndiyo chaguo langu.

Vifaa vikodishwe, visinunuliwe. Mtoto hukua haraka. Lakini ile desturi yetu ya kununua viatu vikubwa ili mtoto akue ndani yake isifuatwe hapa. Buti lililopwaya halipelekei skii nguvu ya mguu, na mtoto hushindwa kugeuka hata akielekezwa vizuri. Hupimwa kwa sentimita za unyayo, na huvaliwa na soksi moja tu ndefu. Soksi mbili hubana damu na kuongeza baridi. Vifungio vinavyoshika buti kwenye skii hurekebishwa na fundi kwa uzito, kimo, umri na uwezo wa mtoto, ili viachie anapoanguka kabla mfupa haujavunjika. Mzazi asimpunguzie wala kumwongezea mtoto kilo anapoulizwa. Helmeti haina mjadala: Italia iliilazimisha kwa walio chini ya miaka 14 tangu 2005, ikapandisha hadi chini ya miaka 18 mwaka 2022, na tangu msimu wa 2025/26 ni lazima kwa watu wa umri wote.

Kuhusu lifti za viti, Austria na Uswisi haziruhusu mtoto asiyefikia kimo cha mita 1.25 kupanda peke yake. Shule iulizwe watoto wataanza lini kuzitumia, na nani ataketi nao, kwa sababu mwalimu mmoja hawezi kukaa na kundi zima na mara nyingi huomba msaada wa watu wazima walio kwenye foleni. Nyumbani, mtoto afundishwe kanuni moja katika zile 10 zilizotolewa na Shirikisho la Kimataifa la Skii mwaka 1967: aliye mbele yako ana haki ya njia, wewe uliye nyuma ndiye wa kumkwepa. Mtoto mdogo huielewa kabisa.

Yote haya hugharimu, na familia nyingi zetu hazina fedha za wiki nzima Alps. Zipo njia nyingine zenye heshima kamili. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Uswisi iliamua kwamba kwa kambi za lazima za shule wazazi wasitozwe zaidi ya kile wanachookoa kwenye chakula nyumbani, yaani faranga 16 kwa siku kwa kiwango cha juu. Barua ya kambi ikija, basi, mzazi asiikatae kwa hofu ya gharama kabla ya kuuliza. Mtoto anayebaki nyumbani hukosa skii, na hukosa pia wiki ambayo wenzake wataizungumzia mwaka mzima. Walio Ghuba wana Ski Dubai, ukumbi uliofunguliwa mwaka 2005 wenye theluji ya ndani na njia ya mita 400. Somo moja pale huonyesha kama mtoto anavumilia buti na baridi, kabla ya kulipia tiketi za ndege. Walio Uingereza wana kumbi kama ile ya Tamworth, iliyofunguliwa mwaka 1994. Na walio Minnesota wana vilima vyao, kama Buck Hill.

Fedha zikiwa chache, zigawanywe kwa mpangilio huu: kwanza mwalimu mzuri na kundi dogo, pili buti zinazokaa sawa, tatu chumba kilicho karibu na kiwanja. Jina la kituo lisilipiwe hata senti. Wiki ikiisha, asipimwe kwa beji wala kwa rangi ya njia aliyofikia, bali aulizwe kama anataka kurudi. Akisema ndiyo, kazi imefanyika, hata kama hajui kugeuka kushoto. Akisema hapana, jibu lake liheshimiwe na swali liahirishwe hadi mwakani. Mchezo huu si sharti la maisha mema, na mtoto aliyesikilizwa alipokataa atakuwa mwepesi zaidi kujaribu tena kuliko aliyelazimishwa hadi akashinda.